Tarumbeta Lililosimamisha Wote

Praaa-prrr-uu! Ndivyo lilivyolia, na kila aliyekuwapo asubuhi ile anaweza kukuigia. Mwanzo lilipanda vizuri, kama moshi siku isiyo na upepo. Katikati likakwaruza, likapasuka, likaishia kama mbuzi aliyekanyagwa mguu. Mpaka leo watoto wa mtaa ule wa nyuma ya reli, pale Kolwezi, wakimwona mzee wetu, Tata Kalala Mathieu, akipita na fimbo yake, hujaza mashavu upepo na kumpigia. Naye husimama, huwasikiliza mpaka mwisho kama mwalimu wa muziki, kisha husema:

"Hapana, batoto. Yangu ilikuwa mubaya zaidi."

Ndivyo alivyo. Anayetaka kumcheka Kalala inambidi aamke mapema sana, maana mwenyewe huwa ameshaanza.

Ni askari wa zamani, wa jeshi la wakati nchi ikiitwa Zaire, lakini jina hilo la askari hulivaa kama koti la kuazima, akivuta mikono ili aonyeshe lilivyo kubwa. Jeshini alikuwa mpiga tarumbeta. "Bunduki walinipa pia," husema, "ili nisionekane uchi." Ukimkuta na watu wawili watatu, atawasimulia habari za Dilolo, kule mpakani na Angola, siku mapigano yalipoanza ghafla na mkubwa wake akamwamuru apige wito wa kushambulia. Midomo ya Kalala ilikuwa imekauka kama ganda la karanga. Kati ya nyito zote alizofundishwa, ukamjia mmoja tu, ule aliokuwa akiupiga kila siku kwa moyo wake wote: wito wa chakula.

"Batu babili balitoka na sahani," husema.

Hapo Nkongolo, rafiki yake wa jeshini aliyeacha mguu mmoja katika vita hivyo hivyo, hugonga gongo lake chini na kuongeza: "Mi nilikuwa mumoja wa bale babili."

Basi watu hucheka, na Kalala huwa wa kwanza.

Jambo moja tu hajawahi kulifanyia mzaha, nalo ni Mujinga, mtoto wake; kwa watu wa Kasai hilo ni jina, si tusi.

Wazazi wa Kalala waliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Yeye alizaliwa hapa hapa, katika kambi ya wafanyakazi, na kijiji cha baba yake angetumwa leo akakitafute angepotea njiani. Hata hivyo ulifika mwaka ambao Wakasai waliambiwa warudi kwao. Wakalala kwenye stesheni na magodoro yao, sufuria zao, kuku wao waliofungwa miguu, wakingoja treni. Kalala alikaa kati yao, nguo za serikali mwilini, tarumbeta la serikali kiunoni, na mtoto mwenye homa mikononi. Mujinga alikuwa ndio kwanza anajifunza kuhesabu vidole. Treni ilichelewa, na homa ikawahi. Walimzika kwenye kilima kilicho nyuma ya mtaa, na padri wa wakati ule akawaombea haraka haraka kwa sababu wengine walikuwa wakimngoja.

Hatimaye treni ikaja. Mbelu, mke wa Kalala, alikuwa ameketi juu ya godoro. Hakuinuka.

"Panda weye," alimwambia mumewe. "Mi na mutoto tunabaki."

Kalala akashusha mizigo. Hivyo ndivyo walivyobaki Kolwezi, na mtu akiwauliza wako hapa kwa haki gani, wengine huonyesha hati ya kiwanja. Mbelu huonyesha kilima.

Miaka ikapita, akazaliwa binti yao Chancelle, Kalala akaacha jeshi, au jeshi likamwacha, wote wawili bila kuagana. Kisha watu wakagundua kwamba chini ya miguu yao kuna kobalti, madini ya betri. Kule Kasulo, jirani tu, wenye nyumba walichimba ndani ya vyumba vyao vya kulala. Kwenye kilima mashimo hayakuchimbwa kwa sururu. Yalikuja na kampuni, na mashine, na karatasi ambayo hakuna mtu wa mtaa aliyewahi kuonyeshwa. Uzio ukakata njia ya kwenda makaburini. Langoni wakawekwa walinzi.

Sasa, kwetu tarehe mosi Agosti ni Siku ya Wazazi. Asubuhi ni ya marehemu: kila mtu huchukua jembe na maji, akapalilie makaburi ya watu wake. Mchana ni ya walio hai, na hapo ndipo kuku wanapopata shida. Mwaka uliopita watu walipanda kilima na majembe yao wakakuta lango limefungwa. Mbelu alisimama pale na jembe begani mpaka jua likawa utosini. Tangu siku ile magoti yake yalikataa kabisa njia ya kilima. Halafu yakaja maneno, ya chini chini, kwamba makaburi ya ukingoni yameanza kuondolewa na wenyewe hawajaambiwa.

Kwa hiyo mwaka huu, Siku ya Wazazi ilipokaribia, Mbelu alimpa mumewe jembe lake mwenyewe, lile lenye mpini mweusi kwa jasho. Hakutoa hotuba.

"Tata Kalala," alisema, "usinirudishie jembe safi."

Mtu angetaka kujua ni nani aliyeanzisha habari ya maandamano. Kalala husema ni Roho Mtakatifu, kwa sababu ni Yeye tu awezaye kuwaketisha kwenye benchi moja Mama Pasta Adolphine wa Wamethodisti na Padri Lucien wa parokia. Makanisa yao yamepeana mgongo, na kila Jumapili vipaza sauti vyao hupigana vita ambavyo hata Nkongolo aliviogopa. Lakini safari hii walikuwa wamekwenda pamoja, tena na tena, kwa kampuni na kwa polisi, kuomba lango lifunguliwe asubuhi moja tu. Kwenye kampuni waliambiwa mkubwa hayupo. Kwa polisi, Komanda Kabemba aliwaambia kwamba amepata habari mtaa unaandaa fujo.

Basi wakawaita watu katika ua wa parokia.

"Tutakwenda mchana kweupe," alisema Mama Pasta. Ni mwanamke mfupi, mpana, mwenye sauti ambayo haihitaji kipaza. "Njia ya makaburini ni njia ya watu wote. Kuzika na kupalilia ni haki yetu, haiombewi ruhusa kwa magoti. Wenye joho watatangulia. Nyuma yao bereti za askari wa zamani. Kisha akina mama na majembe. Hatutatupa jiwe, hatutatukana mtu."

"Kwa nini joho mbele?" mtu akauliza.

"Polisi atakayempiga padri," Nkongolo akajibu, "mama yake atamunyima bukari mpaka afe." Bukari ndiyo ugali wa kwetu.

Padri Lucien, mtu mwembamba mwenye kutoka jasho kirahisi, alipangusa uso. "Ni polisi wa hapa, au wametoka mbali na mama zao?" akauliza, na ua mzima ukacheka.

Watu walipotawanyika, Nkongolo alimvuta Kalala kando kwa gongo lake. Alikuwa na mpango. Mipango ya Nkongolo ilimgharimu mguu mmoja, lakini bado aliiamini.

"Lile tarumbeta bado liko?"

"Chini ya kitanda. Kuku alitagia ndani."

"Lisafishe. Sikia. Bendera ikipandishwa, polisi anafanya nini?"

Swali la kitoto. Huku kwetu, bendera inapopandishwa asubuhi au kushushwa jioni, kila aliye karibu husimama alipo. Mwenye baiskeli hushuka, mwenye mzigo kichwani huganda nao. Atakayesogea atajua rangi ya ndani ya kituo cha polisi. Na polisi wenyewe husimama wima, mkono kwenye kofia, macho mbele, mpaka wito wa mwisho uwaachilie.

"Wakituzuia," Nkongolo alisema, "unapiga wimbo wa bendera. Bote banakauka kama samaki. Sisi tunapita katikati yao, pole pole, mpaka langoni. Wanatuangalia tu!"

Kalala angepaswa kumwambia Mama Pasta. Hakumwambia, kwa sababu alijua angemkataza, na kwa sababu, husema mwenyewe, tangu aondoke jeshini hakuna mtu aliyewahi kumwomba apige kitu. Mzee akisifiwa pumzi yake, hata akili humtoka pamoja nayo. Alilisugua tarumbeta kwa majivu na ndimu. Mbelu alimtazama kutoka mlangoni, akalisogeza jembe mahali ambapo angelazimika kulikanyaga akitaka kutoka.

Asubuhi yenyewe vumbi lilikuwa tayari limesimama hewani. Malori ya mawe yalikuwa yakishuka, na kando ya barabara mama mmoja alikuwa akikaanga mikate yake katika mafuta. Joho lilitangulia, bereti zikafuata, akina mama nyuma na majembe na mabeseni ya maua. Mbele ya lango, polisi walikuwa wamepanga mstari, fimbo mkononi. Nyuma yao walinzi wa kampuni, na nyuma ya walinzi, kilima.

"Rudini nyumbani," alisema Komanda Kabemba. Alikuwa mtu mrefu, aliyenyolewa vizuri, mwenye sauti ya kuchoka. "Lango limefungwa. Sitarudia."

"Komanda, tunakusalimu," alianza Mama Pasta.

"Nimesema sitarudia."

Aliinua mkono, na mstari ukasogea hatua moja. Fimbo zikapanda kifuani. Kalala aliona kisogo cha Padri Lucien kikimeta jasho. Gongo la Nkongolo likamchoma ubavuni.

"Sasa!"

Akaweka tarumbeta mdomoni, akapiga.

Yaliyofuata Kalala huyasimulia akiwa amesimama, maana ameketi hayasimuliki. Polisi wakakauka. Naam, kama samaki, kama alivyosema Nkongolo: visigino pamoja, mkono kwenye kofia, macho yameganda. Komanda mwenyewe mkono ulimpanda kabla hajaupa ruhusa. Mpango ulikuwa umefaulu kuliko mpango wowote katika historia ya jeshi la nchi yetu.

Kasoro moja tu. Hakuna aliyepita.

Mama Louise, muuza maua, alikuwa ameganda mguu mmoja mbele. Padri Lucien aliganda na kitambaa kwenye paji la uso. Dereva wa lori alizima injini na kuvua kofia. Mama wa mikate alisimama wima, mwiko kifuani, mikate yake ikiungua. Mtaa mzima, uliolelewa tangu utotoni kwa makofi ya bendera, ulisimama kimya mbele ya polisi waliosimama kimya, na katikati mbuzi mmoja, asiye raia wa nchi yoyote, alikuwa akila maua kutoka beseni la Mama Louise, naye akimfukuza kwa midomo tu: "Shh! Shh!"

Kalala akageuza jicho kwa Nkongolo. Nkongolo alikuwa amesimama juu ya mguu wake mmoja, gongo limebanwa kwapani, kidevu juu, chozi likimtoka.

"Tembea!" Kalala alimwambia kwa pembe ya mdomo.

"Nitatembea namna gani, na bendera inapanda?"

"Hakuna bendera!"

"Nyamaza, weye. Unapiga vibaya."

Pumzi ikaisha. Ndipo sauti ilipopasuka, ikawa ule mlio wanaouiga watoto. Kila mtu alikuwa akingoja wito mfupi wa mwisho, ule wa kuwaachilia, na mwenye kuupiga alikuwa Kalala peke yake. Alilamba midomo. Ilikuwa mikavu, kama ganda la karanga. Alijua vizuri sana hali ile, alikuwa ameshakutana nayo Dilolo. Akajiombea, akavuta pumzi, akapiga.

Ukatoka wito wa chakula.

Katika mstari wa polisi alikuwapo sajini mmoja mzee, mwenye mvi masikioni, aliyeanza kazi katika jeshi lile la zamani. Tumbo lake lilitikisika kwanza. Kisha mabega.

"Mon commandant," alisema, mkono bado kwenye kofia, "mzee anatuita tukakule."

Hapo vicheko vikapasuka. Polisi walicheka, akina mama walicheka, Padri Lucien alicheka ndani ya kitambaa. Komanda peke yake hakucheka.

"Nani huyo? Mleteni hapa! Wimbo wa bendera si wa kuchezea!"

Polisi wawili wakamshika Kalala mkono wa kulia. Papo hapo Mama Pasta akaushika wa kushoto, na Padri akamshika kiuno. "Nilikuwa kama nguo inayokamuliwa," Kalala husema, "serikali huku, kanisa huku, na maji yote yakinitoka."

"Ukimchukua huyu, utatuchukua na sisi," alisema Mama Pasta.

"Na mimi," alisema Nkongolo. "Lakini mutanibeba."

"Mama Pasta, niache nifanye kazi yangu," Komanda akasema.

"Nitakuacha. Nijibu kwanza. Uliambiwa sisi ni batu ba fujo?"

"Niliambiwa ni waasi."

"Basi tazama. Askari wako walikuwa na mikono kichwani. Hawa watu wote walikuwa na nafasi ya kuwapita, na majembe mikononi. Umeona hata mumoja amesogeza mguu?" Akageuka, akamtazama Kalala, na kwa jicho lile Kalala akajua kwamba ameuelewa mpango wote, na kwamba wataongea baadaye. "Mzee huyu amepiga upuuzi, na wote wamesimama. Waasi gani wanasimamia bendera ambayo haipo?"

Komanda aliutazama umati, pole pole, kuanzia kwa mama wa mikate aliyekuwa akiopoa makaa kwenye mafuta yake mpaka kwa dereva ambaye bado hajavaa kofia.

"Swali la pili ndilo la mwisho," alisema Padri Lucien, kwa sauti ndogo iliyowashangaza wote. "Nani ametoa amri kwamba mama asipalilie kaburi la mutoto wake? Tupe jina lake tu, Komanda. Tutakwenda kumuuliza yeye, wewe hatutakusumbua tena."

Komanda akamgeukia mkuu wa walinzi. Mkuu wa walinzi akapiga simu. Watu wote waliisikia ikiita, ikaita, ikanyamaza.

"Hapokei, chef."

"Jina lake nani?"

"Mi najua namba tu, chef."

Komanda alivua kofia, akapangusa ndani yake, akaivaa tena. Kisha akamsogelea Kalala.

"Weye, babu. Ule wimbo ulimpigia nani?"

Kalala alikuwa na jibu la kuchekesha tayari. Alikuwa nalo siku zote, kama mwingine alivyo na kitambulisho. Akafungua mdomo, halikuja.

"Mutoto wangu yuko juu kule, mon commandant," alisema. "Mi sijui kama bado yuko."

Mbuzi alikuwa bado anatafuna. Komanda alitazama kilima, akatazama bereti ya Kalala, akatazama jembe.

"Kumi kumi," alisema hatimaye. "Mpaka saa sita. Hakuna nyimbo. Kesho lango ni la kampuni tena."

"Kesho tutarudi kuuliza lile jina," alisema Mama Pasta.

"Na kitu hicho," Komanda alinyosha kidole, "kinabaki kwangu."

Kalala akamkabidhi tarumbeta. Alijisikia, husema, kama mtu aliyevuliwa suruali sokoni, lakini majirani wake walijisikia vizuri sana. Halijarudishwa mpaka leo. Inasemekana polisi wamejaribu kulipiga na halitoi kitu ila harufu ya yai.

Walipanda. Kalala alikuwa katika kundi la kwanza, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwacha nyuma peke yake. Huko juu hakuna aliyetania. Mashine ilikuwa imekwisha kuuma ukingo wa kilima, na mahali ambapo Mama Louise alikuwa akimpalilia mama mkwe wake palikuwa na hewa tupu. Aliketi pale kwenye ukingo na maua yaliyobakizwa na mbuzi. Padri Lucien aliketi naye chini, na joho lake jeupe likawa jekundu kwa udongo.

Kalala alikwenda akiinama, akisoma vibao. Nyasi zilikuwa zimemfika kifuani. Aliyafuta macho, akapapita mahali penyewe, akarudi. Kibao cha bati alichokiandika kwa mkono wake kilikuwa kimeinama, lakini kilikuwapo: Mujinga. Juu ya jina, mtu asiyejulikana alikuwa amepiga alama ya rangi nyekundu, mbichi bado. Makaburi ya jirani yalikuwa nayo pia, kama miti iliyotiwa alama ya kukatwa.

Alimwita Mama Pasta. Mama Pasta aliigusa alama ile, kidole kikatoka chekundu.

"Kesho utakuja na mimi kwa hao batu ba kampuni," alisema. "Utavaa bereti yako. Na hutapiga kitu chochote, umenisikia, Tata Kalala? Hata chafya."

"Nimesikia, Mama Pasta."

Kisha akapalilia. Alipalilia vibaya, kama afanyavyo kila kitu; angemwona, Mbelu angemnyang'anya jembe. Udongo ulikuwa mwekundu na mzito, ukang'ang'ania bamba, na hakuugonga utoke.

Alipofika nyumbani, Nkongolo alikuwa amemtangulia kwa pikipiki na habari yote ilikuwa imekwisha kusimuliwa. Ua ulijaa watu. Kuku alikuwa jikoni, bukari ilikuwa ikisongwa. Mtu alimpigia mlio wake kwa midomo, wote wakaangua kicheko, naye akainama kama msanii jukwaani. Kule ndani, mlango ukiwa wazi, Mbelu alikuwa ameketi kitandani, miguu imenyoshwa, akingoja bila kuita.

Chancelle alikuja mbio kumpokea baba yake. Akalichukua jembe, akaona lilivyochafuka, akageuka nalo kuelekea kwenye ndoo ya maji.

Kalala akamshika mkono. Sauti yake, ya mtu aliyesimamisha polisi na malori, haikufika hata kwa Nkongolo aliyekuwa karibu.

"Usilioshe," alisema. "Mama yake Mujinga aliguse kwanza."